Grinhausi ya kuegemeza ukutani: nichague ukuta upi?

Mama wa Kiamunyi
Habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijampa fundi pesa. Nyumba yetu iko Kiamunyi, Nakuru, ni ya mawe, na nafasi imebaki pande mbili tu. Nyuma kuna ukuta unaotazama kaskazini, mita 7, hauna dirisha. Ubavuni ni ukuta wa mashariki, nao una dirisha la jikoni na la chumba cha watoto.

Nina kibanda cha chakula, nanunua nyanya kila siku. Mwaka jana nilipanda nje, mvua za Julai zikanimalizia: majani yalitoka mabaka meusi kama yamemwagiwa maji moto, nikang'oa zote. Sasa nina shilingi 60,000 za chama. Video za Uingereza zinasema ukuta utazame kusini, na wangu wa kusini uko barabarani. Fundi anataka polithini, kaka yangu anasema ninunue vioo vya madirisha yaliyotumika. Nifanyeje?

Mzee wa Bahati
Mama, Uingereza wanasema kweli ya kwao, jua la mchana kwao liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta. Juni jua linapita kaskazini mwa nyumba yako, Desemba linapita kusini. Ukuta wako wa nyuma utapata jua zuri kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, halafu nyumba yenyewe itaanza kuutia kivuli. Desemba saa sita mchana ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita moja na robo hivi, na paa likichomoza kinazidi. Hapo nusu ya miche yako iko gizani.

Mashariki unapata jua la asubuhi kila mwezi. Hayo mabaka yako ni ukungu, na ukungu unapenda majani yaliyolala na maji. Yakikauka mapema, unakosa pa kushika.

Yangu niliijenga ukuta wa mashariki mwaka 2018, nikaifunga vizuri kama ninayelea vifaranga. Siku moja saa nane mchana nilifungua mlango, hewa ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Maua ya nyanya yalikuwa yametapakaa chini, manjano, hata moja halikuwa limeshika tunda. Joto lilikuwa limepanda likakwama pale paa linapokutana na ukuta. Nilikata polithini pale juu, upana wa sentimita 40, urefu wote, nikaweka neti ya wadudu na pazia la kukunja wakati wa mvua. Msimu huohuo maua yakaanza kushika. Pesa ikitosha jambo moja tu, lipia tundu hilo. Baridi ya Kiamunyi haitaua nyanya zako, joto lililofungiwa litaziua.

Vioo viache, mvua ya mawe unaijua. Chukua polithini ya grinhausi yenyewe, ya mikroni 200, iliyotiwa kinga ya jua. Ile ya kufunikia saruji hupasuka upesi. Na uweke gata kwanza, maji ya mabati yote yasimwagikie juu yake.

Nyambura_Njoro
Dada, mimi nimekwama kwenye dirisha la watoto. Siku utakayopuliza dawa ya wadudu, mvuke wake utaenda wapi? Utaingia moja kwa moja kitandani. Na jikoni ukifunika dirisha, moshi hautoki. Tafadhali usifunike dirisha lolote, hata kama fundi atakuambia utalifungua tu.

Fundi wa Lanet
Nyambura amesema kweli. Mimi naongeza unyevu. Usiweke tuta likigusa ukuta, mawe yanavuta maji na rangi ya ndani itaanza kubanduka. Acha njia ya nusu mita kando ya ukuta, tembea hapo, panda upande wa nje. Hapo palipandwa nini zamani?

Mama wa Kiamunyi
Asanteni sana. Nimetoka kupima na futi sasa hivi na tochi. Kutoka kona hadi dirisha la jikoni kuna mita 2.9 tupu. Fundi, hapo nilipanda viazi misimu miwili.

Fundi wa Lanet
Basi usipande kwenye udongo huo. Viazi na nyanya huambukizana mnyauko wa bakteria, na unakaa ardhini miaka. Jaza mifuko udongo wa mahali ambapo hapakupandwa viazi wala nyanya. Mche ukinyauka ungali kijani, kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, toa mfuko huo mara moja.

Mita 2.9 zinatosha mifuko 12 ya nyanya.

Mama wa Kiamunyi
Mashariki basi, mita 2.9, na madirisha yabaki wazi. Kesho namwambia fundi aanze na gata.