MJADALA: Mkakati wa ubunifu wa kanda uandikwe na nani?

Mwenye Mada: Wadau, salaam. Ulaya wana mikakati ya ubunifu ya kanda, yaani ya mkoa au jimbo ndani ya nchi, tangu miaka ya 1990, na kwenye bajeti ya Umoja wa Ulaya ya 2014 hadi 2020 wakaifanya sharti la kupata fedha za mfuko wa maendeleo ya kanda kwa utafiti na ubunifu. Wenye biashara wanatakiwa wakae na vyuo vikuu na serikali, wachague pamoja maeneo machache ya kuwekea nguvu. Je, mwenye karakana ya watu wanane akae meza hiyo, au wataalamu waandike, yeye aje kunufaika baadaye? Mimi nasema akae.

Kalamu Nyekundu: Akae, sawa. Lakini nimeendesha warsha hizi miaka minne. Mialiko 60 inatoka, wanakuja saba, na rasimu hawajaifungua. Tuseme ukweli, wenye biashara ndogo hawasomi. Wanauliza ruzuku inatoka lini.

Seremala: Hapo pa "hawasomi" umenigusa pabaya. Nilifunga karakana siku nzima nikaja kwenye warsha kama hiyo yako. Rasimu ya kurasa 90 ililetwa usiku wa kuamkia kikao. Tukapewa vikaratasi vya njano kila mtu aandike tatizo lake. Nikaandika: gundi inaachia mbao zikipata unyevu. Mwezeshaji akakisoma, akahangaika kutafuta pa kukiweka kwenye bango kitita, mwisho akakibandika safu ya "Mengineyo". Safu nyingine vichwa vyake vilishachapwa: nanoteknolojia, data, nishati. Ripoti ilipotoka, Mengineyo haimo. Gundi ni kemia, ndugu yangu! Nani hakusoma hapo?

Mama Cherehani: Na kikao saa tatu asubuhi. Ukiwa na watu wanne, ukiondoka wewe kazi imesimama. Profesa akija kikaoni yuko kazini, mshahara unaingia. Mimi nikija nimepoteza siku.

Kalamu Nyekundu: Mambo ya mshahara yametoka wapi tena? Sikulipwa hata posho kwa zile jioni za kuwapigia simu mmoja mmoja. Msinigeuze adui.

Mama Cherehani: Hakuna aliyekutajia posho, kaka. Nimesema profesa.

Mchambuzi: Bado niko kwenye hili la kusoma. Uholanzi mwaka 2004 walitoa vocha za ubunifu, kama sikosei 100, kila moja euro 7,500, ili kampuni ndogo ipeleke swali lake kwa taasisi ya utafiti. Maombi yakapita elfu moja, ikabidi ipigwe bahati nasibu. Kama hawasomi, hao elfu walitoka wapi?

Kalamu Nyekundu: Walifuata hela. Ndicho nilichosema.

Mchambuzi: Walifuata jibu. Vocha inamlipa mtafiti, mwenye kampuni haitii mfukoni. Tena walilinganishwa waliobahatika na waliokosa, ikaonekana vocha nane kati ya kumi zilizaa kazi ambayo bila vocha isingepelekwa kwa watafiti.

Msumari: Mnagombania nani? Kwa tafsiri ya Ulaya ya mwaka 2003, kampuni yenye wafanyakazi chini ya 250 na mauzo yasiyozidi euro milioni 50 ni "ndogo na ya kati". Kwa hiyo kiti anakalia mwenye watu 240, ana mtu wake wa kusomea rasimu, na ripoti inaandika biashara ndogo zimeshirikishwa. Mwenye watu wanane hakuingia hata mlangoni.

Kalamu Nyekundu: Hilo ni kweli. Wale saba wangu, watano walikuwa wa aina hiyo.

Seremala: Basi nijibu moja tu. Safu ya Mengineyo huwa mnaipeleka wapi?

Kalamu Nyekundu: Tunapiga picha bango zima. Ripoti huandikwa na mtu mwingine.

Mama Cherehani: Hizo picha unazo?

Kalamu Nyekundu: Za miaka yote minne. Nazifungua leo usiku.