Mwisho wa Horse Feathers (1932): kwa nini Zeppo hayumo harusini?

Mpenda Filamu za Kale:
Ndugu zangu, salaam. Jana nilitazama tena filamu hii ya ndugu wa Marx, wale wachekeshaji wa Kimarekani Groucho, Chico, Harpo na Zeppo, na mwisho wake bado unanikera. Chuo cha Huxley kinakishinda chuo pinzani cha Darwin katika mpira wa miguu wa Kimarekani, na papo hapo tunajikuta harusini, ambako Groucho, Chico na Harpo wanamwoa Connie, aliyeigizwa na Thelma Todd, wote watatu kwa mpigo. Wanaitikia kwa pamoja kwamba wamekubali, wanamrukia bibi harusi, basi. Frank, yaani Zeppo, ambaye ndiye mchumba wake wa awali, hayupo. Je, kuna kipande kilichokatwa?

Bint Tarishi:
Kipo, ila si cha harusi. Kijitabu cha matangazo cha mwaka ule kinaeleza tukio la ndugu hao wakicheza karata huku chuo kikiteketea. Jibu lako, kwa maoni yangu, limo katika wimbo: Zeppo anamwimbia Connie kwa sauti ya mtu aliyependa kweli, kisha Chico anaupiga wimbo ule ule kwa piano, Harpo kwa kinubi, na Groucho kwa gitaa, ameketi mtumbwini huku Connie akipiga kasia. Wanaume wanne wameposa kwa wimbo mmoja, na anayekosa harusi ni yule pekee aliyeuimba bila mzaha.

Mzee wa Kamera:
Naongeza mchezo wenyewe. Harpo na nduguze, Zeppo akiwemo, wanaingia uwanjani kwa mkokoteni wa taka unaokokotwa na farasi, wameusimamia kama gari la vita la Warumi, na wakishavuka mstari Harpo anatoa mpira mwingine, na mwingine tena, na kila mmoja unahesabiwa. Ikiwa mwamuzi amekubali mipira kadhaa katika shambulizi moja, mfungisha ndoa atawakataaje mabwana harusi watatu?

Mpenda Filamu za Kale:
Ahsanteni sana, hoja ya mipira imeniingia. Nimerudia kipande cha mtumbwini, na sasa ninayemhurumia ni Connie kuliko Frank. Anaanguka majini, anapiga kelele atupiwe boya, naye Groucho anamtupia pipi yenye tundu katikati, ile ya Life Saver, jina ambalo kwa Kiingereza ni boya pia.