Tupeane uzoefu: safari ya meli ya mapumziko, wewe na mwenza wako

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana mimi na mke wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wakachanga, tukaongezea akiba yetu, tukaenda kupanda meli ya kitalii Barcelona kwa usiku saba: Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, kisha siku nzima majini hadi Barcelona tena. Watu wengi wanauliza kuhusu safari hizi, na majibu wanayopewa ni ya bei tu. Naomba sisi tuliokwenda na wenza wetu tueleze ilivyokuwa hasa. Naanza mimi.

Mke wangu ni mtu wa Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, alimpoteza mjomba wake aliyekuwa akimlipia ada ya shule. Tangu siku hiyo hakupanda chombo chochote cha majini. Hata Kigamboni hakukanyaga mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, maana pantoni hakuitaka kabisa. Kwa hiyo msidhani mimi ndiye niliyemburuta. Wazo la meli lilikuwa lake. Alisema amechoka kuogopa.

Kabla ya kung'oa nanga, kila abiria lazima apitie mafunzo ya dharura. Zamani meli ziliruhusiwa kuyafanya hata baada ya kuondoka, lakini baada ya Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012 na kuua watu 32, sheria ilibadilishwa. King'ora kinalia mara saba kwa mkato, kisha mara moja kirefu. Wenzetu wengi walikuwa wanapiga picha. Mke wangu alimsimamisha kijana mhudumu akataka aonyeshwe lile jaketi la kujiokolea: mkanda unafungwaje, kipenga kiko wapi, taa inawakaje. Kijana akamweleza kwamba taa huwaka yenyewe ikigusa maji. Akalivaa, akalivua, akalivaa tena. Mimi nimesimama pembeni nimeshika mkoba wake. Halafu akauliza, "Na mmetuhesabu?" Kijana akamwonyesha orodha, jina lake tayari limewekewa alama. Waliokuwa MV Bukoba idadi yao kamili haikuwahi kujulikana. Hapo ndipo nilipoyaona mabega yake yanashuka.

Usiku wa kwanza bahari ilichafuka. Kati ya Barcelona na Marseille kuna upepo unaitwa mistral, unashuka kutoka bonde la mto Rhône na kuitibua ile ghuba. Hakulala. Na mimi sikulala.

Asubuhi, Marseille, tulipanda kilimani kwenye kanisa la Notre-Dame de la Garde. Ndani kuna vijimeli vidogo vimening'inizwa darini kwa nyuzi, na kuta zimejaa vibao vya shukrani. Ni nadhiri za mabaharia na familia zao, watu waliookoka maji. Mke wangu alikaa kwenye benchi akivitazama nadhani nusu saa nzima. Nilimwachia. Kama mtaenda Marseille na mna saa chache tu, acheni maduka, nendeni pale.

Genoa na Palermo tulitembea, tukala, tukarudi. Civitavecchia nawapa onyo: bandari hiyo inaitwa ya Roma, lakini Roma yenyewe iko mbali, kilomita 70 hadi 80 hivi, mnapanda treni. Sisi tulitaka Colosseum, Vatican na chemchemi ya Trevi kwa siku moja. Tulirudi tumenuniana, miguu imevimba, na hakuna tulichokiona vizuri. Chagueni kitu kimoja.

Valletta, mji mkuu wa Malta, ilitufurahisha kuliko zote. Kimalta ni lugha ya asili ya Kiarabu iliyojaa maneno ya Kiitaliano, na inaandikwa kwa herufi za Kilatini. Basi mke wangu akaanza kusoma mabango kwa sauti. Bahari kwao ni *baħar*. Kitabu ni *ktieb*. Sita ni *sitta*, saba ni *sebgħa*. Mama muuza maandazi ya jibini alicheka hadi akatuongezea moja aliposikia tunahesabu.

Sasa siku ya saba, ile ya maji matupu. Hakuna bandari, hakuna foleni, hakuna saa ya kurudi. Nilidhani itatuchosha. Tuliamka tukakuta bahari imetulia kama mafuta ya taa kwenye karai. Nyumbani kwetu asubuhi ni magari, simu, wapangaji, mafundi. Pale tulikaa kwenye roshani ya chumba kuanzia saa mbili hadi adhuhuri. Alimenya chungwa, akanipa vipande kimoja kimoja, na akanisimulia habari za mjomba wake: alivyokuwa akivaa, alivyokuwa akimtania, barua yake ya mwisho. Miaka 25 na sikuwa nazijua. Saa sita alisimama akashika ukingo kwa mikono miwili, akainama, akayatazama maji moja kwa moja.

Karibuni.

Bi Harusi wa Zamani (Unguja)

Mleta mada, Mungu akupe maisha marefu na mama wa Bukoba. Nimelia.

Sisi tulipanda Dubai, mwezi wa Desemba. Safari za Ghuba ni za majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, maana kiangazi kule hakikaliki. Tulipita Doha, Abu Dhabi na Maskati. Doha tulikwenda jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu, pazuri sana. Abu Dhabi tulisali msikiti wa Sheikh Zayed. Ila nataka kusema juu ya Maskati.

Amkeni kabla ya alfajiri siku meli inapoingia. Milima ya pale ni miamba mitupu, rangi ya kahawa, na meli inajipenyeza hadi Mutrah huku taa za ufukweni bado zinawaka na ngome iko juu kabisa. Ndani ya bandari hawakuruhusu kutembea kwa miguu, kuna basi la bure hadi getini, na ukitoka hapo soko la Mutrah unalifikia kwa miguu. Harufu ya ubani inakupokea kabla hujaingia.

Mume wangu alikuwa anapatana bei ya kofia. Mzee mwenye duka akamtazama, akasema Kiswahili cha mjini kabisa, "Wewe mtu wa Unguja, usinibane hivyo." Jamani! Alizaliwa Malindi ya Unguja, familia yake ikaondoka baada ya 1964. Akafunga duka nusu, akatuita ndani, kahawa, halua, maswali: mtaa gani, nani kafariki, ule mkungu bado upo? Mume wangu alimjibu mtaa kwa mtaa. Tuliifikia meli zikiwa zimebaki dakika kumi. Kofia tulipewa zawadi.

Siku za majini ndiyo nilizozipenda. Tulipooana tulivuka kutoka Pemba kwa boti, mie nimetapika njia nzima, yeye ananipepea na ukuti. Safari hii tukakaa kwenye viti vya sitaha, tukayakumbuka yote. Kwa wanaosali: meli inageuka, na kibla nacho kinahama, kwa hiyo wekeni dira kwenye simu. Vyakula ulizieni mapema, sisi wahudumu walituonyesha vya halali bila taabu.

Msafisha Vyumba Mstaafu (Mombasa)

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi kwenye meli hizi miaka minne, vyumbani. Mikataba yetu ni miezi mingi mfululizo, na kila siku unafanya kazi. Nawaambia nilivyoona upande wa pili wa mlango.

Anayeogopa kuchafukwa na bahari achague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Huko omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndiko kunakopanda na kushuka. Msikubali chumba kilicho chini moja kwa moja ya bwawa la kuogelea au ya ukumbi wa chakula, kwani viti vinaburutwa tangu alfajiri. Dawa ya kichefuchefu mnywe kabla, si baada.

Saa. Kuna saa ya meli na saa ya bandarini, na si lazima zifanane. Nimeona wanandoa wakikimbia kwenye gati, mume mbele, mke nyuma na mifuko, na ngazi imeshatolewa. Ukitoka na ziara iliyoandaliwa na meli, meli itakungoja. Ukitoka kivyako, haikungoji. Mara nyingi maafisa huchukua pasipoti zako chumbani na kumwachia wakala bandarini, wewe ujitafutie njia hadi bandari inayofuata. Santorini ni pagumu zaidi: meli hutia nanga nje, mnapelekwa kwa mashua, na kushuka kutoka mjini ni kwa gari la kamba, au ngazi karibu 600. Foleni ya alasiri huchukua zaidi ya saa. Shukeni mapema.

Bahashishi: kampuni nyingi hukata moja kwa moja kwenye akaunti yenu, kwa kila mtu kwa kila siku. Ulizeni kabla, msije mkashtuka siku ya mwisho. Na ukikutana na msafishaji wako kwenye korido, msalimie kwa jina lake. Liko kwenye beji.

Kuna wazee wawili sitawasahau, mke na mume, umri umekwenda. Siku za bandari hawakushuka kabisa. Siku za majini saa kumi na mbili asubuhi walikuwa sitaha ya mbele, blanketi moja magoti yote manne, chai mbili. Siku moja nikawauliza kwa nini hawashuki. Bibi akasema, "Tulikuja kukaa."

Jaluo wa Seattle

Nashukuru kwa huu uzi. Sisi tulikwenda Alaska mwezi wa Julai, baada ya mke wangu kumaliza matibabu ya saratani. Daktari alikubali, tukaondokea hapa hapa Seattle bila kupanda ndege.

Kwanza karatasi. Meli nyingi hizi zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya huku hairuhusi meli ya kigeni kubeba abiria kutoka Seattle na kuwarudisha Seattle bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana nyingi hupitia Victoria, Kanada, hata kama ni jioni moja tu. Wenzangu wa grini kadi, bebeni pia pasipoti ya Kenya au Tanzania isiyoisha muda. Kuna rafiki yetu aliyebaki gatini kwa sababu hiyo, na mke wake naye ikabidi abaki.

Ketchikan mvua tu. Juneau tuliona nyangumi. Lakini siku kubwa ilikuwa Glacier Bay, ambako meli haitii gati popote. Walinzi wa hifadhi wanapanda melini asubuhi, wanawaeleza mambo siku nzima. Mbele ya mto wa barafu wa Margerie meli ilisimama, ikawa inajizungusha polepole ili kila upande uone. Watu mamia na hakuna anayepiga kelele. Kipande cha barafu kinakatika, unakiona kikianguka kimya, halafu ndiyo mlio unafika, kama radi ya Kisumu.

Mke wangu alikuwa amejifunika shuka la Kimaasai juu ya koti, nywele ndiyo zinaanza kuota. Alinishika mkono akasema, "Ngoja. Kuna kingine kinakuja." Tukangoja dakika arobaini. Kilikuja.

Kijana wa Mbeya

Wakuu, mimi nafunga ndoa mwezi wa tisa. Nimezipenda hizi habari. Maswali mawili: viza inakuwaje kwa nchi nyingi hivyo, na mke wangu mtarajiwa anasema siku nzima majini itamboa, nimjibu nini?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Kijana hongera sana. Njia tuliyopita sisi yote iko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja ilitosha, pamoja na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000. Ila ukichagua meli inayotoka nje, mfano kugusa Tunisia au Uturuki, halafu ikarudi Italia, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo unazuiwa kupanda. Na muanze mapema, miadi ya ubalozini haipatikani kirahisi.

La pili, usimjibu kitu. Mpe asome hapa mwenyewe.

Dada wa Mombasa, tumekusoma kwa sauti mezani. Mke wangu anasema yule mhudumu wetu aliyemwonyesha jaketi, jina lake bado analikumbuka.

Na wakuu, kuna jambo limetokea leo. Tangu 1996 kwenda kwao Bukoba ni basi au ndege. Mchana amenipigia simu kazini, ameulizia nafasi MV Victoria, ile ya Mwanza hadi Bukoba kupitia Kemondo. Inaondoka usiku, inafika asubuhi. Amekata tiketi mbili za Desemba, na ameomba chumba chenye dirisha.