Fitingi za reli ya mafuta zinavuja kwenye nyuzi hata baada ya kukazwa

Silinda_Nne
Wakuu, naomba msaada. Gari ni ya petroli, silinda 4, nozeli zinapulizia kwenye manifoldi, presha bar 3. Reli ya mafuta (bomba linalogawia nozeli petroli) si ya kiwandani, ni ile ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi. Mafuta yanaingilia kwenye nipeli dume ya AN-6 (aina ya fitingi za hozi) yenye koni pande zote mbili, imefungwa moja kwa moja kwenye tundu la mwisho wa reli. Upande wa pili kuna geji ndogo ya presha yenye uzi wa 1/8 NPT (uzi wa mabomba). Zote mbili zinatoka jasho la petroli pampu ikifanya kazi, na ya AN ndiyo mbaya zaidi. Zimezungushiwa tepu nyeupe ya Teflon na zimekazwa sana. Je, niongeze tepu, au kuna gundi inayostahimili petroli?

Spana_Bapa
Mkuu, usiwashe injini mpaka hili liishe. Petroli ikidondokea ekzosi ya moto unapoteza gari lote.

Kwenye AN-6 tepu haina kazi yoyote. Uzi wake unavuta vipande viwili vikutane tu, hauzibi mafuta. Kinachoziba ni koni ya digrii 37 kukaa ndani ya koni jike ya digrii hizohizo. Matundu ya mwisho ya reli nyingi za aina hiyo hayana koni ndani. Ni ya ORB, yaani yanazibwa na oringi (pete ya mpira) inayobanwa kwenye mshazari wa mdomo wa tundu. Shida ni kwamba ORB-6 na AN-6 zina uzi uleule, 9/16-18, yaani kipenyo cha inchi 9/16 na nyuzi 18 kwa inchi. Ndiyo maana nipeli yako iliingia vizuri, ikakaza, na bado inavuja: ndani hakuna koni ya kuipokea na nje hakuna oringi. Hata ukikaza mpaka uzi ukatike, itavuja.

Ifungue umulike tundu kwa tochi. Ukiona mdomo una uso bapa uliochongwa ukang'aa, kisha mshazari mfupi kabla uzi haujaanza, hiyo ni ORB. Tafuta adapta ya ORB-6 kwenda AN-6 dume. Upande mmoja ina oringi chini ya kola, upande wa pili ina koni ya kupokea hozi yako.

Oringi yake ni namba 906: kipenyo cha ndani karibu mm 11.9, unene karibu mm 2. Chukua ya mpira wa Viton, hasa kama petroli yako ina ethanoli. Ya nitrili hutumika kwenye petroli ya kawaida, ila ya EPDM usiiguse, inavimba ikikutana na petroli na kupoteza umbo.

Kabla ya kufunga, toa mabaki yote ya tepu kwenye nyuzi kwa kijiti cha mbao au brashi ya nailoni, tundu likiwa limeelekea chini ili vipande visiingie ndani. Uzi mmoja wa Teflon unatosha kuziba kichujio kidogo kilicho juu ya nozeli. Paka oringi na nyuzi mafuta mepesi ya injini. Alumini kavu juu ya alumini hung'ang'aniana, na ukija kufungua unatoka na uzi wa reli. Zungusha kwa vidole mpaka kola iguse uso bapa, kisha kaza kwa torki aliyotaja mtengenezaji wa fitingi. Haihitaji nguvu nyingi. Kola ikishakutana na chuma, oringi imeshabanwa kiasi chake.

Uzi_Mshazari
Amesema sawa. Naongeza tahadhari moja: uzi wa kimetriki wa M14x1.5 uko karibu sana na 9/16-18. Kipenyo ni mm 14 dhidi ya 14.29, hatua ya uzi mm 1.5 dhidi ya 1.41. Dume la M14 linaingia kwenye tundu la 9/16 mizunguko michache huku likicheza, kisha linaanza kula uzi. Pima kwa kalipa na geji ya nyuzi kabla ya kununua.

Geji yako ni habari nyingine. NPT ina uzi wa mshazari na hapo uzi wenyewe ndio unaoziba, kwa hiyo lazima kuwe na kizibo cha nyuzi. Tepu naiacha kwa mabomba ya maji. Tumia gundi ya nyuzi ya majimaji iliyoandikwa kwamba inastahimili petroli, ile inayoganda ikikosa hewa. Acha uzi wa kwanza mtupu, paka kuanzia wa pili, kote kuzunguka. Kwenye alumini iliyopakwa rangi huganda polepole, kwa hiyo ipe saa 24 kabla ya presha. Silikoni ya gasketi haifai, petroli inailainisha.

Kaza kwa vidole mpaka ikatae, halafu mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kwa spana, basi. Ukipitisha mahali ulipotaka geji itazame, endelea mbele kidogo kama kuna nafasi. Usirudishe nyuma, maana unavunja muhuri. NPT ni kabari, na kabari kwenye alumini nyembamba hupasua. Kwa kuwa yako imekazwa sana, safisha mdomo wa tundu uangalie kwa lenzi kama kuna mstari mwembamba unaoanza mdomoni kwenda nje. Ukiuona, reli hiyo imekwisha. Gundi ya epoksi juu ya ufa wenye petroli siishauri kwa mtu yeyote.

Hakikisha pia geji si ya BSP, aina nyingine ya uzi wa mabomba. 1/8 BSP ina nyuzi 28 kwa inchi, 1/8 NPT ina 27. Zinaanza kushikana vizuri kabisa na hazizibi kamwe.

Silinda_Nne
Asanteni sana. Tundu ni ORB kweli. Mshazari wake una mkwaruzo mdogo, nifanyeje? Na nipime vipi bila hatari?

Spana_Bapa
Mkwaruzo ukizunguka pamoja na mdomo na ukucha haukwami, oringi itaumeza. Ukikata kutoka ndani kwenda nje, hata mwembamba, ndiyo njia ya petroli. Huo mpelekee mtu wa mashine mwenye kikata cha ORB auguse kidogo. Usitumie tindo wala msasa wa mkono.

Kila unapofungua, injini iwe baridi: toa fyuzi ya pampu, washa injini (hapo tu, kwa kuwa pampu haisukumi) mpaka izime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Funga kitambaa kwenye fitingi unapoilegeza, bado kuna mabaki. Kizimamoto cha poda au povu kiwe karibu.

Kupima, rudisha fyuzi na betri, funika kila kiungo kwa karatasi nyeupe ya shashi, geuza swichi mpaka pampu ilie bila kupiga stata, zima, rudia mara 4 au 5. Subiri dakika 10 uangalie karatasi. Usitegemee geji kushuka, kwa sababu hata vali ya pampu ikichoka presha hushuka bila tone kutoka nje. Na angalia oringi za juu za nozeli: zikivuja, petroli hutambaa chini ya reli na kukusanyika penye fitingi, mtu akadhani ni uzi.

Uzi_Mshazari
Kwa watakaosoma baadaye: haya yote ni ya nozeli za manifoldi. Injini inayopulizia moja kwa moja ndani ya silinda ina presha ya mamia ya bar kwenye reli yake, na mchirizi wake hupenya ngozi. Huko usipapase uvujaji kwa mkono, na bomba la chuma la presha kubwa likishafunguliwa badilisha jipya pale mtengenezaji anapoagiza hivyo.