PIKIPIKI YANGU SI BODA! (na nyote mnajua namwambia nani)

Kifua_Wazi aliandika:

Wakubwa naandika hii helmeti bado iko kichwani, chai imepoa, bibi ameniuliza kuna nini nikamwambia ni mambo ya pikipiki akaenda zake. Nyote mnamjua. Yule mzee wa mabuti ya rangi ya chungwa. Yule wa masanduku matatu ya alumini ya kubebea thamosi moja na mandazi mbili. Pikipiki yake ina taa nyingi kuliko ule uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu na haijawahi kukanyaga tope tangu itoke kwa kontena. Sitaji jina.

Leo asubuhi tumekutana hapo Mamboleo kwa stesheni ya mafuta, tulikuwa kama watu 11, mpango ulikuwa tupitie Miwani, Chemelil, tupande Nandi Hills tukunywe chai turudi. Mimi nimefika wa mwisho na MT-07 yangu, ile Yamaha nekedi isiyo na makava ya plastiki ya kufunika injini, jana nimeiosha masaa mawili na mswaki, mswaki wa meno tena mpya. Nazima injini tu hivi, mzee ameanza kunizunguka polepole kama mnunuzi wa ng'ombe siku ya soko, anainama, anachungulia rejeta, anagusa fremu, alafu kwa sauti ya mnadani anauliza, "Na hii ikimaliza kuundwa itakuwa pikipiki gani?"

Sawa. Hiyo nilimeza, nimeizoea.

Lakini kulikuwa na mama kando ya barabara anangoja matatu, ana kikapu, na ndani ya kikapu kuna kuku kichwa kimetokeza. Mzee mbele ya watu wote, mbele ya vijana wa pampu, anamwita, "Mama unaenda Kiboswa? Panda hapa, huyu kijana ni wa boda."

NA MAMA AKAPANDA.

Sijui kama mnanielewa. Alipanda. Hakuuliza bei. Mguu juu, kikapu katikati yetu, kuku ananiangalia kwa saidimira. Pikipiki ya 689cc, silinda mbili, ushuru wake peke yake ungeninunulia ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na mama ananigonga bega, "Nyathina, mwanangu, mbona kiti kidogo hivi, kingine kiliibiwa?" Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki yake ikiwa kwa stendi.

Nekedi si pikipiki ambayo haijamalizwa bana!! Imeachwa hivyo makusudi, uone injini, uone fremu, tangi ina mabega kama fahali na mkia umekatwa mfupi. Ducati walianza kuuza Monster 1993, mchoraji wake Galluzzi ameichora haina makava, na mpaka leo watu wanageuza shingo. 1993 huyo mzee alikuwa wapi?

Mama alipanda jameni. Na kuku.

Tope_la_Mau:
Swali moja tu. Ulimpeleka?

Kifua_Wazi:
Hiyo si hoja.

Tope_la_Mau:
Alimpeleka 😂😂

SpanaKumiNaTatu:
Ngoja kwanza. Mimi saa tatu nilikuwa Riat nikaona MT inapanda mlima polepole kama imebeba mayai, nikasema huyu jamaa siku hizi ameshika adabu. Kumbe alikuwa amebeba mama mayai mwenyewe.

Kifua_Wazi:
NILIMPELEKA KWA SABABU ALIKATAA KUSHUKA. Ungefanya nini, umsukume? Ni rika la mamangu. Nikampa helmeti ya ziada akasema inanuka. Kufika Kiboswa ananipa 50, namwambia mama weka tu, akadhani nataka 100, tukaanza kubishana hapo sokoni mpaka vijana wa steji wakakuja kuniuliza mimi ni wa steji gani na nani ameniruhusu kubeba watu wa hapa. Mimi!! Na jaketi ya ngozi!!

Dada_Klachi:
Nimecheka nikamwaga uji. Lakini hiyo stori ya makusudi punguza kidogo. Huko Uingereza na Ujerumani wengi wa nekedi walianza kwa kuanguka na zile pikipiki za mashindano, makava yakavunjika, bei ya mengine inatoa machozi, mtu anatoa yote anaweka usukani wa juu maisha yanaendelea. Sasa nyinyi mnauziwa ajali ya mtu kwa bei ya duka.

Kifua_Wazi:
Monster haikuanguka popote.

BoxerNdioBaba:
Samahani wakubwa, mimi ni mtu wa boda, niko upande wa Njoro. Nauliza tu, kuitwa boda imekuwa matusi tangu lini? Boxer yangu pia haina makava. Injini iko nje, taa moja mbele, usukani wa juu. Mvua ikinyesha huko Mau Narok nabeba gunia mbili za viazi na mwenye viazi juu yake, natoa upepo kidogo kwa tairi ishike, nafika. Hiyo yako na tairi laini kama kisogo cha padri ingefika wapi?

Kifua_Wazi:
Mkubwa wangu sikukutukana wewe, nilikuwa naongea juu ya yule mzee. Mnamjua.

BoxerNdioBaba:
Umeandika na herufi kubwa kabisa kwa kichwa. Si boda. Nimesoma.

Tope_la_Mau:
Huyu wa Boxer asikilizwe. MT chini imebaki milimita 140 tu, jiwe la kwanza la murami linakutana na ekzosi. Tena rimu za inchi 17 mbele na nyuma, tope linapanda linajaa kwa madigadi gurudumu linasimama unabaki unasukuma toroli. Ya matope inataka rimu ya 21 mbele, spoku, na tairi ya meno. Kuna mmoja alituletea Z650, nekedi ya Kawasaki, huko ndani ya Menengai, ile vumbi laini kama unga wa chapati, mbele ikazama, akalala mara sita. Ya saba hakuamka, aliomba maji na akauliza kama kuna tingatinga ya kukodisha.

Mgeni_Njiani:
Mandazi zilikuwa nne.

SpanaKumiNaTatu:
😂😂😂 WAAH

Dada_Klachi:
Nyinyi mnalia kuku. Mimi nikiingia dukani kununua cheni ya pikipiki YANGU, muuzaji anaongea na kijana wangu wa miaka 12. "Bosi, mama anatafuta gani?" Kijana hata hajui cheni ni namba ngapi, anajibu tu 520 kwa sababu amenisikia nikisema kwa gari. Juzi wakampa yeye chenji.

Kifua_Wazi:
Pole dada. Lakini angalau hakuna mtu alipanda.

KijanaWaAhero:
Habari za hapa. Nataka kununua ya kwanza, ni Bajaj NS200 ama Honda XR150L? Nimependa sura ya NS.

Dada_Klachi:
Wote hupenda sura. Lami inafika mpaka kwa mlango wenu?

KijanaWaAhero:
Hapana, kutoka kwa barabara kubwa ni kama kilomita 3 hivi, udongo mweusi.

Tope_la_Mau:
XR na usiulize tena. Mbele iko na rimu ya inchi 19, imeinuka, na injini inapoa na upepo tu. NS ni tamu sana kwa lami na ina nguvu kuliko hiyo Honda, siwezi kudanganya, lakini udongo mweusi wa Ahero ukishika mvua hata ng'ombe huvua viatu. Utaiacha kwa jirani wa barabarani kila siku, na mwishowe itakuwa ya jirani.

BoxerNdioBaba:
Ama Boxer.

Tope_la_Mau:
Ama Boxer, ndio.

Kifua_Wazi:
Kwa hivyo hakuna mtu ataongea juu ya yule mzee? Mtu amenishushia heshima mbele ya watu 11 na nyinyi mnachagua pikipiki?

SpanaKumiNaTatu:
Pole mkubwa, tumesikia. Hebu kwa sababu uko hapa, ile tairi ya nyuma 180/55 ya inchi 17 wewe ulipata wapi? Yangu imebaki kama puto.

Kifua_Wazi:
Nilipata Nakuru. Lakini kabla hujalipa angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Mimi niliuziwa "mpya kabisa, imeingia jana", kufika nyumbani nasoma 2316. Wiki ya 23, mwaka wa 2016! Hiyo tairi imeanza shule! Nikarudi nayo, na unajua jamaa aliniambia nini? Mbele ya wateja, ati "tairi ni kama divai." DIVAI. Sitaji jina la hiyo duka lakini nyote mnaijua.