MJADALA: Mwanafunzi wa shahada ya uuguzi asome utawala, au muda huo urudishwe wodini?

Mwanzisha mada, Tabora mjini

Mwangaluka wana Tabora, na ndugu zetu wa Kigoma. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi. Kila mwaka napokea watarajali, yaani wahitimu walio kwenye mazoezi ya kazi, na wanafunzi wa fildi, wote wa shahada ya uuguzi kutoka Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Malalamiko juu yao nayasikia kila kona: hawa wa digrii wamejazwa nadharia za utawala, ila kutafuta mshipa wa dripu wanahangaika. Sasa wapo wanaosema wazi kwamba kozi ya uongozi na menejimenti iondolewe shahada ya kwanza, na anayeitaka akaisome kwenye uzamili.

Napinga, na nitasema kwa nini.

Usiku mmoja, katika hospitali niliyowahi kufanya kazi, mama alijifungua vizuri, kondo likatoka, halafu damu ikawa inakuja haikatiki. Mkunga wa zamu alikuwa hodari. Alikanda mfuko wa uzazi, akaweka dripu, akaagiza oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikatike. Kwenye friji ya wodi hakuna. Stoo ipo, lakini ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha rudi nyumbani. Mhudumu akapanda bodaboda kuufuata, na mama yule alipona. Asubuhi watu walikuwa wanatafuta nani alaumiwe. Mimi nikaomba kadi ya stoo na kitabu cha makabidhiano. Kadi haikuonyesha kiwango cha chini ambacho dawa ikifika ni lazima iagizwe. Ufunguo wa akiba haukuwepo. Kitabu cha zamu ya jioni kiliandikwa "hali shwari", basi.

Pale hakuna aliyeshindwa kuzalisha. Kilichoshindikana ni utawala, na utawala ule si wa mkurugenzi wala wa katibu wa afya, ni wa muuguzi. Na huku kwetu muuguzi hasubiri miaka kumi apewe madaraka. Anapangiwa zahanati ya Sikonge au Uyui, anakuta tabibu mmoja na mhudumu mmoja. Tabibu akienda semina, chanjo, friji, dawa, taarifa za mwezi na mgonjwa aliye mlangoni vyote ni vyake.

Karibuni, wanaokubali na wanaokataa.

Mkunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma

Dada, heshima yako, ila sikubaliani nawe. Kwetu mjamzito mwenye uchungu pingamizi, mtoto amekwama njiani, analetwa kwa boti, usiku, ziwa limechafuka. Akifika anahitaji mtu ambaye mikono yake imeshazoea. Nimepokea mtarajali anayezitaja kanuni 14 za utawala za Fayol bila kukosea hata moja, lakini nilipomwambia apime mlango wa kizazi alinitazama mimi. Fayol alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa, kanuni zake zilitoka 1916. Zinamsaidia nini mama wa Kalya, huku mwambao?

Jingine linaloniuma: tukiwafundisha utawala mapema, wanaiona wodi kama kituo cha kupitia. Anakuja na macho yake yako ofisini. Wauguzi wetu wazuri kabisa wanapandishwa cheo, wanaacha kugusa mgonjwa, na wodi inabaki na wageni.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu, kwetu Nzega

Shikamooni mama zangu. Naomba niseme kama mtu anayeisoma hiyo kozi sasa. Mama wa Kigoma yuko sahihi kuhusu namna tunavyofundishwa: aina za uongozi, ngazi za mahitaji za Maslow, hatua tatu za mabadiliko za Lewin, tunakariri tunajibu mtihani. Lakini wiki moja tulipokuwa fildi, muuguzi mfawidhi alitupa majina ya wauguzi wake, akatuambia tupange rosta ya mwezi. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mwingine ana kidonda cha tumbo, haruhusiwi zamu za usiku mfululizo. Wawili hawawezi kukaa zamu moja kwa sababu wote bado wapya. Anayetoka usiku lazima apumzike. Tulifuta na kuandika hadi karatasi ikatoboka, na kila tulipodhani tumemaliza, alituonyesha usiku mmoja ambao wodi haikuwa na mkunga mzoefu hata mmoja. Pale ndipo nilipoelewa kwamba rosta inaweza kuua mtu.

Halafu kuhusu shahada yenyewe: mwaka 2014 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, wagonjwa wa upasuaji 422,730 katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Kila wauguzi wa shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7.

Mkunga, mwambao

Mwanangu, nakupongeza kwa kusoma, lakini usome hadi mwisho. Utafiti huohuo ulisema muuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kufa unapanda kwa asilimia 7. Na haukusema ni kozi ya menejimenti iliyowaokoa wale wagonjwa. Huku usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima. Mwongezeni mwenzake kwanza.

Mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, Kasulu

Mimi si mtu wa afya, ni mkulima niliyechaguliwa na wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Vikao vyetu vinakwenda vizuri pale anayetuletea mpango anaweza kutueleza kwa nini tununue hiki tuache kile. Asiyeweza, tunasaini tu. Kwa upande wangu wafundishwe.

Mwanzisha mada

Mama wa mwambao, umesema tuongezewe wauguzi, na hapo tuko pamoja. Lakini ikama, yaani idadi ya watumishi tunaopangiwa, haiongezwi kwa kulalamika. Mtu lazima aandike: wodi ina wagonjwa wangapi kila zamu, wangapi mahututi, zamu ngapi zimekwenda na muuguzi mmoja, nini kilitokea usiku huo. Florence Nightingale, muuguzi mwenzetu wa karne ya 19, aliporudi Uingereza kutoka vitani alichukua takwimu za vifo vya askari, akazichora, akaonyesha kwamba wengi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko majeraha. Serikali ilisikiliza hesabu zile. Nani wodini kwako anaziandika? Kama hakuna, halmashauri itaendelea kuamini kwamba mnatosha.

Ninachotaka kibadilike ni mahali pa kuifundishia. Kozi iletwe wodini. Mtihani wake uwe rosta ya kweli, kadi ya stoo, makabidhiano ya zamu kitanda kwa kitanda, na barua ya kuomba watumishi. Asahihishe muuguzi mfawidhi aliye kazini, pamoja na mhadhiri.

Mkunga, mwambao

Hiyo ya wodini naweza kuikubali, kwa sharti moja: saa zake zisichukuliwe kwenye fildi ya ukunga, zichukuliwe darasani, kwa Fayol na wenzake. Hilo la macho kuwa ofisini bado hujalijibu. Mfumo wetu unampandisha muuguzi kwa kumwondoa kwa mgonjwa, na kozi yoyote, popote ifundishwe, itaingia humohumo. Nataka wahadhiri waje hapa watuambie: kwenye hayo masomo yenu, kuna mahali mnamfundisha mwanafunzi kwamba anaweza kuwa kiongozi na bado akavaa glavu?