Naomba ushauri: mzigo wa mtandaoni kuja Kigoma bila kufungwa vizuri

Habari zenu wakuu. Muuzaji wangu wa Kariakoo siku hizi anatuma vitu ndani ya boksi la kiwandani tu, eti anapunguza taka. Taka kweli ni tatizo, hata mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Lakini kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200! Blenda imefika boksi limebonyea kona, jagi lina ufa kuanzia mdomoni hadi kwenye mkono. Halafu picha ya blenda iko nje, stendi nzima inajua umeagiza nini. Na jagi lililopasuka si taka pia? Nimwombe ajazie magazeti chakavu na katoni kuukuu, nimwongezee hela? Hasara hii anabeba nani, muuzaji au wenye basi lililoleta mzigo?